Moshi Uliobaki

Wacuka alishikilia patasi juu ya ubao, mkono ukakataa kushuka. Sebuleni watu wa kanisa walikuwa wameanza kuimba. Mazishi yalikuwa kesho.

Picha ilikuwa karibu kuisha: mama wa Soko la Burma akipepea jiko la nyama choma. Kulibaki moshi tu. Mwalimu wake alikuwa ameuchora kwa penseli, ugonjwa ukamwangusha kabla hajauchonga. Na ubao hausahihishwi. Ukikata vibaya, maji yakimwagika hayazoleki.

Mideva, jirani wa miaka mingi, aliingia na chai. "Si uiache tu hivyo? Watu wataelewa."

"Hakuwahi kuacha kazi katikati. Mimi ndiye nimwachie?"

Akakata. Kila mkono ulipotaka kuchimba, aliisikia sauti ya mwalimu ikimcheka: "Pole pole. Huku si kulima." Alifundishwa papo hapo, kwenye meza hii ya nyumbani, Komarock, jioni baada ya jioni, mpaka watu wakashindwa kutofautisha kazi zao. Alilia, akapangusa macho kwa leso, akaendelea.

Alipaka ubao wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoibandua, moshi ulikuwa unapanda, mwembamba, ukimkwepa yule mama usoni.

Mchana alifika Roseline, anayekusanya picha za maonyesho kule Donholm. Yeye na mwalimu hawakuwahi kuonana. Alizijua kazi zake tu. Aliitazama ile chapa kwa muda mrefu.

"Ni mkono wake kabisa, hata huo moshi ulioumalizia," alisema. "Na tumepoteza mtu. Vijana wa siku hizi wana subira ya kazi kama hii kweli?"

Wacuka alichukua penseli, akaandika chini ya picha: *Wacuka*.

"Asante, mama," Roseline alisema kwa upole. "Mwingine angeandika jina lake mwenyewe."

Mideva alichungulia mlangoni. "Wacuka, pasta anakungoja."

Roseline aligeuka, akamtazama huyu, akamtazama yule. "Kwani na wewe ni Wacuka?"

"Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa babake," Wacuka alisema. "Desemba mjukuu wangu angefikisha miaka kumi na sita."