Kioo cha Msibani

Siku hizi hakuna anayesema neno msibani bila kioo cha hotuba. Maneno hujitokeza juu ya kioo yakiwa yamepangwa tayari, na stendi yake ina mota inayopandisha na kushusha kioo mpaka kilingane na macho ya msemaji.

Nyamizi alitaka kuwaambia waombolezaji jambo moja tu kuhusu mumewe, Luhende: kwamba alikuwa mchoyo wa ukoko wa ugali, akiukwangua peke yake huku akimzuia mkewe kwa kiwiko. Kioo kikaandika, "Alikuwa mkarimu kwa wote." Akainamisha uso. Mota ikanguruma, kioo kikashuka. Akaketi mkekani, kikashuka naye.

"Soma, shemeji," Kulwa, mdogo wa marehemu, alimnong'oneza. "Usiposoma haturuhusiwi kuzika."

Akasoma.

Stendi hubaki nyumbani kwa mfiwa mpaka arobaini. Jioni moja Nyamizi alisonga ugali, akapakua, kisha akachuchumaa kukwangua sufuria. Ukoko ukabanduka mzima, mkavu, wa rangi ya kahawia, kama alivyoupenda mumewe.

"Luhende," akaita kwa mazoea, "njoo kabla sijaumaliza..."

Mota ikanguruma. Kioo kilishuka taratibu mbele yake, chini kabisa, karibu na majivu ya jiko, kikasimama usawa wa macho yake.

Alijaribu kukumbuka alichotaka kumwambia. Ukoko ukapoa mkononi.

"Alikuwa mkarimu kwa wote," akasoma.