Kopo la Herufi

Shaweji alizoea kujitengenezea mwenyewe risasi za bunduki ya upepo, starehe yake ya pekee tangu atoke jela. Alikuwa amekaa na kijungu chake juu ya makaa wakati Bwana Makange, mkuu wa polisi mstaafu, alipoingia na kopo zito.

"Niyeyushie hizi, Shaweji, uniundie risasi. Kunguru wananichafulia gari."

Shaweji alimimina kopo mezani. Zikamwagika herufi za kupigia chapa, zile ndogo za madini ya risasi. M iliyovunjika mguu aliijua mara moja. Aliipanga miaka sita akiwa mpanga herufi wa gazeti lake na wenzake, mpaka Makange alipokuja na askari kufunga mtambo wa kuchapia. Mahakamani Makange aliapa kwamba herufi zote zilitupwa mtoni.

"Umezitoa wapi, bwana mkubwa?"

"Ah, makorokoro ya zamani. Yeyusha tu, au unataka kuyasoma?" Makange akacheka peke yake.

Makaa yalikuwa yamekolea. Shaweji alizitazama herufi.

"Hizi ngumu, zitakukwaruzia mtutu wa bunduki," alisema, na kweli zilikuwa ngumu. "Chukua zangu, laini. Hizi niachie."

"Una roho nzuri wewe. Wenzako wana kinyongo mpaka leo."

"Wana kumbukumbu," Shaweji alijibu.

Mgeni alipotoka na risasi zake, Shaweji aliepua kijungu. Vidole vilikuwa bado vinaijua kazi. Akaanza kupanga jina la Makange pale mezani, herufi zikiwa kichwa chini kama wapangavyo wapiga chapa, na ya kwanza ilikuwa ile M yenye mguu mmoja.