Ua Linalofunguka

Mgeni hakuitikia shikamoo yangu. Alikunjua karatasi juu ya meza ya kuchomelea, nami nikautambua mchoro wangu uliopotea: nondo za dirisha la Yasinta.

Tangu biashara iwe ruksa, kila mwenye duka Kiomboi anataka maua ya chuma dirishani. Kwa Yasinta, anayelala dukani na wanawe, ua moja hufunguka kwa ndani, ili wapate pa kutokea. Ufundi huo niliusifia mwenyewe kilabuni.

Ukucha wa mgeni ulipita juu ya maua, moja baada ya jingine.

"Fundi, lipi linafunguka?"

Mwizi, niliwaza.

"Hakuna, mzee. Yote nimeyachomelea."

"Huongopi?"

"Naapa."

Akatabasamu, akamgeukia mwenzake aliyesimama mlangoni na dumu la petroli.

"Umesikia? Hawatoki."