Wazee Mbele, Watoto Nyuma

Kila nyumba iliruhusiwa tundu moja tu la USB la kuzungumza na marehemu wake. Kwa Nakiete walikuwa wengi, kwa hiyo mumewe, Mbonea, aliunganisha visanduku vya matundu, kimoja nyuma ya kingine, akachomeka flashi zilizohifadhi sauti zao kwa heshima ya ukoo: wazee mbele, watoto nyuma. Umeme ulimfikia binti yao, Nakunda, aliyekuwa wa mwisho, ukiwa umechoka.

“Mama, mbona uko mbali?”

“Nipo hapa hapa, mwanangu,” Nakiete alijibu, mdomo ukigusa flashi.

Mbonea akaingia na flashi mpya kiganjani. “Baba ametutoka,” alisema. “Wasogeze wengine nyuma, Mama Nakunda.”

Nakiete akaangua kilio. Mbonea alimshika bega, akiguswa kuona jinsi alivyompenda baba mkwe wake.