Kikombe cha Leokadia

Siku ya nne ya kambi ya likizo, Leokadia alianguka uwanjani watoto wakivuta kamba. Matroni Dafroza alimbeba hadi kivulini, akamsogezea kikombe cha maji. Mtoto akafunga mdomo.

"Kunywa, mwanangu. Jua kali hili."

"Sitaki."

"Tangu lini hujanywa?"

"Tangu jana asubuhi."

Dafroza alikishusha kikombe. Jana asubuhi, magodoro yalipotolewa kuanikwa, aliona moja limelowa. Alilinyanyua mbele ya watoto arobaini na kuuliza, "Jamani, hili bwawa la nani?" Watoto walimgeukia Leokadia, wakacheka hadi wakajishika matumbo. Kwa miaka sita yeye ndiye matroni aliyependwa kuliko wote kambini, na jana alilala akitabasamu.

"Nilikosea," alisema. "Nisamehe."

"Nikinywa nitakojoa tena. Utawaambia."

Kengele ya chakula ililia. Watoto walikuja mbio, wakawazunguka.

"Matroni, Bwawa anaumwa?" mmoja aliuliza.

Wenzake walianza kucheka, wote wakimtazama Dafroza, wakisubiri aongeze lake.

Dafroza aliketi kwenye vumbi kando ya Leokadia.

"Mimi nilikojoa kitandani mpaka darasa la sita," alisema. "Mama yangu hakumwambia mtu."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyejua atazame wapi. Leokadia alikishika kikombe kwa mikono miwili, akawaangalia wenzake mmoja mmoja, kisha akakiinua hadi midomoni.