Kisu Kinachosugua

Kisu kilivunjika tena, na Kidawa akaipiga mashine ya kukatia chuma kwa kiganja.

"Nilikwambia ongeza mwendo wa kukisukuma!"

Mumewe, Mbaruku, aliokota kipande, chembamba kama sindano ya kushonea. "Kitu chembamba hivi hakitaki nguvu. Nitapunguza zaidi."

"Punguza!" Kidawa alipitisha kidole juu ya chuma, akamwonyesha unga mweusi. "Hakikati, kinasugua tu. Kinapata moto, kinavunjika. Unakibembeleza mpaka kinakufa! Na kaka yako umembembeleza mpaka akabeba mashine zetu nyingine zote. Leo anaifuata hii, nawe utamkaribisha chai!"

Mlango uligongwa. "Mdogo wangu, fungua! Gari linasubiri."

Mbaruku aligeukia mashine. Alifunga kisu cha mwisho, akashika swichi ya mwendo, akaizungusha hadi mahali ambapo hakuwahi kuthubutu kuifikisha. Mashine ikalia kwa ukali. Kisu kikaingia kwenye chuma, na badala ya unga zikatoka chembe zilizojikunja, safi, zinazong'aa.

Mlango uligongwa tena, kwa nguvu zaidi.

Mbaruku aliiacha mashine ikikata, akagusa chembe, akaenda kufungua, zikimeta kwenye ncha ya kidole chake. "Mashine hii haiondoki, kaka," alisema.