Picha Iliyopinduliwa

Nettie Coburn aliingia ukumbini akaikuta picha yake imetundikwa kichwa chini miguu juu. Aliijua kwa michirizi. Wakati wa kuchora aliiacha rangi nyekundu ichuruzike yenyewe kutoka juu hadi chini, na sasa ilikuwa inapanda ukutani kama moto.

"Mmeipindua," alimwambia Bwana Thayer, mwenye maonyesho.

Thayer alimvuta pembeni. "Bibi Coburn, wageni wameshaisifu. Yule mwandishi wa gazeti anasema ameona alfajiri ndani yake. Nani atajua?"

"Mimi."

"Lakini ni rangi tu, bibi. Haina juu wala chini."

Nettie alivua viatu, akaburuta kiti hadi ukutani, akapanda. Aliitungua picha, akaigeuza. Hapo ndipo alipoona kwamba waya wa kutundikia walikuwa wameufunga upande usio wake. Sasa ulikuwa chini, hauna kazi.

"Unaona? Haitakaa," Thayer alisema. "Shuka, tafadhali."

Nettie aliiinua picha, akaibana ukutani kwa viganja vyote viwili. Michirizi ikashuka kama alivyoitaka.

"Haya, njooni muitazame," aliwaambia wageni bila kugeuka. Uzito wa picha ulishaanza kumwelemea.

Thayer akazima taa.

Gizani, kutoka juu ya kiti, sauti ya Nettie ilisikika: "Bado nimeishika."

Kisha, nyuma kabisa ya ukumbi, mtu akawasha kiberiti.